Ile A Iliyokata Kona

Kosa langu la kwanza kiwandani bado liko ukutani, na mkienda leo mtalikuta. Nilitumwa kuandika USIVUTE SIGARA HAPA kwenye ukuta wa stoo ya kuni, kando ya boila, kwa rangi nyekundu, herufi ndefu kama mkono wa mtu mzima. Sikupima. Nilianzia kushoto kabisa kama mtoto anayeandika insha, nikaenda kwa furaha, nikafika kwenye P ya HAPA na ukuta ukaisha. Ikabaki A moja. Mtu mwenye akili angefuta aanze upya. Mimi nilihamisha ngazi, nikazunguka kona ya jengo, nikaiandika ile A upande wa pili, peke yake, ikitazama geti.

Asubuhi iliyofuata meneja alipita na kikombe chake cha chai. Hakuwa mtu wa kupiga kelele. Alisimama mbele ya A, akanywa kidogo, akauliza, "Hii inangoja nani?"

Nikamwambia nitaifuta kabla ya shifti kuisha.

"Usifute. Iache hapo, uipite kila siku ukiingia kazini."

Nikaipita kila siku kwa miaka yote niliyofanya kazi pale. Wafanyakazi wakanipa jina, Kona, na jina hilo likanishika kuliko lile nililobatizwa. Hata siku ya mshahara mtu alikuwa akiniambia, "Kona, wanalipa." Nilicheka nao. Ndani nilikuwa naungua.

Nawaandikia nyinyi vijana wa Kimulot na vijiji vya jirani mnaoingia kwenye kiwanda kile na makopo ya sprei. Najua mnaniita Mstaafu. Nimewasikia pale senta mkisema, "Huyo ni Mstaafu, alikuwa akiandika kuta." Ni kweli nilistaafu, ila sikufika umri wa kustaafu. Nilipewa barua na kupeana mikono na watu nikiwa na miaka thelathini na nne, umri ambao wengine ndio wanaanza kupandishwa cheo. Sina mvi. Nina brashi nane ndani ya mkebe wa maziwa ya unga, na ninajua vitu vingi ambavyo hakuna mtu anaviuliza. Basi nitawaambia bila kuulizwa.

Hakuna aliyenifundisha kazi hii. Niliingia kiwandani kama kibarua wa kubeba kuni za boila. Gambuti zangu ziliibiwa wiki ya kwanza, na niliponunua nyingine niliandika jina langu juu yake kwa rangi nyeupe, nikaiga herufi za mfuko wa unga wa mahindi, zile nene zenye kivuli. Supavaisa akaziona. Akaniuliza nani aliniandikia. Nikasema ni mimi. Akasema, "Basi weka kuni chini." Hayo ndiyo yalikuwa mahojiano.

Baada ya hapo nilijifunza kwa kuiba kwa macho. Mikate, sabuni, kalenda za kanisa, vibao vya shule. Nikiona herufi nzuri nilikuwa naikata na kuiweka chini ya godoro. Kuna wakati S ilininyima usingizi. Herufi zote zinakubali rula au bikari isipokuwa hiyo. Nitawapa siri yake, maana nyinyi S zenu zinaanguka kama walevi: tumbo la juu lazima liwe dogo kuliko la chini. Ukizifanya sawa, jicho linaona la juu limevimba. Ukimaliza, igeuze karatasi juu chini uitazame. Kama bado inapendeza ikiwa imegeuzwa, umekosea. Na O isikae ndani ya mistari kamili, iache ivuke kidogo juu na kidogo chini, la sivyo itaonekana imekonda karibu na wenzake. Haya niliyagundua kwa kufuta, na kufuta tena, mpaka ukuta ukawa na unene wa rangi kama ubao.

Kiwanda cha chai ni mahali pabaya pa kuandikia. Huku kuna mvuke, kule kuna joto la mashine za kukaushia, na kwenye chumba cha kuchekechea kuna vumbi la chai, jepesi kama unga, linaloelea siku nzima. Ukipaka rangi wakati mashine zinatembea, jioni herufi zako zitakuwa na manyoya. Nilipaka siku za matengenezo tu, mashine zikiwa zimezimwa. Nyekundu hupauka kwanza, kwa hiyo niliichanganya na kahawia kidogo. Brashi niliziosha kwa dizeli, kisha kwa maji, kisha nikazichonga ncha kwa kipande cha sabuni zikauke zikiwa na umbo. Brashi zangu zina miaka mingi kuliko makopo yote mliyowahi kutupa pale sakafuni. Ndiyo, nimeyaona. Okoteni.

Sasa niseme habari za Mzee Odhiambo. Baada ya kisa cha ile A, meneja alimtuma aje anishikie uzi. Alikuwa seremala wa kiwanda, mtu wa kutoka upande wa ziwa, mrefu, mwenye kofia ya sufu hata jua likiwaka. Hakujua kuchora hata kikombe. Lakini alikuwa amejenga mapaa, na aliuelewa mstari ulionyooka.

"Wewe unaandika kama mtu anayefukuzwa na ng'ombe," aliniambia siku ya kwanza. "Nyathina, hesabu kwanza."

Nyathina ni mtoto wangu, kwa lugha ya kwao. Alinionyesha kuhesabu herufi za maneno yote, na nafasi nazo zihesabiwe kama herufi, kisha nitafute ile ya katikati na nianzie hapo, katikati ya ukuta, nikienda kulia na kushoto. Ukifanya hivyo ukuta hauwezi kukuishia. Kisha uzi: unaupaka chaki, mmoja anashika huku, mwingine kule, mnauvuta mpaka unalia, halafu unaushika katikati na kuuachia. Pap! Mstari unabaki ukutani, umenyooka kuliko roho ya mtu.

Nilimdharau kidogo, sitaficha. Nilikuwa namwamuru. Mzee, inua. Mzee, shusha. Shika hapo usitikisike. Siku moja alinijibu bila kugeuka, "Kona, mimi ni msumari wenye macho. Wewe umeweka pua ukutani, unaona rangi tu. Mimi niko mbali, naona kama nyumba imelala upande." Akashusha upande wake kidogo bila kuniuliza. Nilikasirika. Jioni niliposimama getini nikatazama, mstari ulikuwa sawa, na ule wangu ungekuwa umeinama.

Kazi yangu kubwa kuliko zote ilikuwa ukuta wa chumba cha kuchekechea. Meneja alitaka wageni wakija waone safari ya jani, kutoka shambani mpaka kwenye kikombe. Nilichora mchumaji na kikapu mgongoni, nikachora vile vitanda virefu vya wavu ambapo majani hulazwa yanyauke, mashine ya kukata, majani yakigeuka rangi, tanuri la kukaushia, chekeche, na mwisho kikombe chenye mvuke. Chini ya kila picha niliandika jina lake. Niliifanya siku za matengenezo peke yake, kwa hiyo ilichukua muda mrefu sana hata watu wakaacha kuuliza itaisha lini. Mzee Odhiambo alistaafu ikiwa katikati, yeye kwa umri wake halali, na mwenzake akashika uzi uliobaki.

Yule mchumaji alikuwa mamangu. Mamangu alichuma chai maisha yake yote katika mashamba yale yale. Nilimchora kutoka kichwani kwangu, jinsi anavyoinama, jinsi kidole gumba kinavyofanya kazi. Uso ulikuja vizuri. Ulikuwa uso wake, umekaza, umelowa mvua. Meneja akaja na kikombe chake.

"Huyu mama amenuna," akasema. "Wageni hawaji mbali kote huko kuona mtu amenuna."

Mzee Odhiambo, wakati huo bado yupo, akanong'ona, "Mpe meno basi. Mpe na moja la dhahabu."

Nikampa tabasamu. Nilikuwa na shida moja tu, ya kwamba midomo haikukubali, nikaifuta na kuirudia mpaka ikawa nzuri kweli kweli. Mnajua nilivyo. Nikipewa kitu kibaya cha kufanya, nakifanya vizuri.

Mamangu hakuuona ukuta huo. Wachumaji hawakuruhusiwa kuingia ndani, walikuwa wanaishia kwenye mizani. Na sisi wa ndani tulikuwa tunaacha simu getini kwa askari, kwa sababu chai ni chakula na kitu cha kuanguka kwenye mashine hakitakiwi. Kwa hiyo sikuwa na picha. Hata moja. Miaka yote hiyo, na ushahidi wote uko kwenye kuta.

Mwisho wake mnaujua, mlikuwa shuleni lakini nyumbani kwenu mlisikia. Kwanza mashine za kuchuma chai zikaja shambani, mamangu akarudi nyumbani na mgongo wake. Halafu majani yakawa yanapelekwa kwenye kiwanda kingine kikubwa zaidi, chetu kikaonekana kidogo na kizee, kikafungwa. Kabla ya hapo vibao vilianza kuja vimechapwa kutoka mjini, vya plastiki, unabandika tu. Niliwahi kutumwa kubandika kibao cha plastiki juu ya herufi zangu mwenyewe. Nilikibandika kikiwa kimenyooka.

Mwaka huu nikasikia kwamba chama cha wafugaji kule Sosiot kimejenga nyumba mpya ya kupokelea maziwa na kinatafuta mtu wa kuchora ukuta wa mbele, unaotazama barabara. Nikaenda. Katibu wao, Bwana Langat, ni mtu mnene, mcheshi, anayeongea huku akipima maziwa.

"Umeshawahi kufanya kazi kubwa?"

"Nimefanya kubwa. Kiwandani."

"Nionyeshe."

Nikamweleza habari ya simu na geti.

"Ndugu yangu," akasema, "hata mimi naweza kusema niliwahi kucheza mpira wa timu ya taifa. Niletee picha. Kuna kijana wa mjini amenitumia picha kumi na mbili, na hata sijampenda."

Lazima mwelewe hali yangu. Tangu kiwanda kifungwe nilikuwa nimeandika kinyozi mmoja, hoteli mbili na jeneza. Naishi kwa mamangu. Mtu wa umri wangu kulala kwa mamake, asubuhi anaulizwa, "Leo unaenda wapi?" na hana jibu, hiyo inakula mtu kutoka ndani. Ukuta wa Sosiot ulikuwa jibu. Nilitaka huo ukuta kuliko nilivyowahi kutaka kitu. Na kilichosimama kati yangu na huo ukuta ilikuwa picha moja tu.

Basi asubuhi moja, mvua ikiwa imepumzika, nikaenda kiwandani na simu ikiwa imejaa chaji.

Geti limeshaondolewa, limeuzwa kama chuma. Magugu yameota mpaka magotini. Nilichokutana nacho cha kwanza kabisa kilikuwa A yangu. Mlikuwa mmeizungushia fremu ya rangi ya dhahabu, na taji juu yake, na mshale uliosema KWA A. Hakuna hata tone moja la sprei lililoigusa yenyewe. Nikaona kuta zingine zote zimefunikwa, majina juu ya majina, macho, mafuvu, mioyo, matusi, mstari wa injili, nambari ya simu ya mtu anayeuza mtoto wa mbwa. Ila hiyo A peke yake mlikuwa mmeitunza. Nikasimama pale nikajisikia vibaya kuliko siku ile ya meneja.

Niliingia. Vile vitanda vya kunyaushia majani vimebaki mbao tu, wavu umetolewa. Mahali pa mashine kuna mashimo ya bolti yaliyojaa maji, na kila shimo lina chura wake. Paa limetoboka, mwanga unashuka kama nguzo. Na bado kunanuka chai. Hiyo sikuitegemea. Harufu imeingia kwenye saruji, ile harufu ya majani yakianza kugeuka, tamu kama tufaha lililoanza kuoza. Nilipita HATARI yangu, imefunikwa nusu. Nilipita OSHA MIKONO yangu, mtu ameichorea mikono yenye makucha. Nilikuwa nikitembea haraka, najiambia ukuta wa kuchekechea uko ndani kabisa, labda hawajafika.

Mlikuwa mmefika. Sauti ya kopo likitikiswa nikaisikia kabla sijaingia.

Alikuwa msichana juu ya meza kuukuu, kitambaa usoni, na chini kijana mrefu amemshikia mkoba. Waliponiona kijana akataka kukimbia.

"Dan, tulia, si askari," msichana akasema. "Askari hana viatu kama hivyo." Kisha kwangu, "Chamgei, anko."

Nikaitikia salamu. Anko! Alikuwa na miaka ishirini hivi. Jina lake ni Chela, wengi wenu mnamjua.

Ukuta wangu haukuwepo. Kikombe, tanuri, vitanda, vyote vimekwenda. Badala yake kulikuwa na kitu kimoja tu, kutoka sakafuni mpaka kwenye paa: mashine ya kuchuma chai, inakuja moja kwa moja kwako, meno yake wazi, na kati ya meno kuna vikapu, vikapu vingi vimevunjika kama mayai. Ilikuwa imechorwa na mtu aliyeiona akiwa amesimama mbele yake. Ukisogea kushoto inakufuata. Ukisogea kulia inakufuata.

Nilitaka kusema haifai. Nilitafuta kosa, hiyo ndiyo kazi ninayoiweza kuliko zote. Mstari wa chini ulikuwa umeinama. Hilo tu ndilo nililopata.

"Hapa palikuwa na picha," nikasema.

"Ilikuwa," akasema Chela. "Ya zamani. Safari ya nini sijui."

"Safari ya jani. Ni mimi niliichora."

Dan akapiga mluzi. "Manze! Wewe ndiye uliandika ile A?"

"Ndiyo."

"Wewe ndiye Kona?" Akaniangalia kama mtu aliyekutana na mchezaji maarufu. "Buda, ile A ni kali! Kila mtu anaipenda. Ati ilichoka na wenzake ikatoka nje kuvuta sigara!"

Walicheka wote wawili, bila ubaya. Mimi sikucheka. Nikamuuliza Chela kama hakumwona mtu aliyekuwa amechorwa pale mwanzo, mama mwenye kikapu.

"Nilimwona."

"Na ukampaka juu."

Akashuka mezani. Akavua kile kitambaa. "Anko, usikasirike. Nilimtazama sana huyo mama kabla sijamfunika. Mkono wake ulikuwa sawa kabisa, hasa hiki kidole. Lakini alikuwa anacheka. Mamangu amechuma chai hapa mpaka mashine ikamtoa. Sijawahi kumwona akichuma akicheka. Nikaona huyu aliyechora hajui."

Nilikuwa na majibu mengi. Kwamba ninajua. Kwamba uso wa kwanza ulikuwa wa kweli. Kwamba niliambiwa. Nikatoa simu nikapiga picha ile mashine, kwa sababu mkono ulihitaji kitu cha kufanya. Nikatoka. Nje nikapiga na A. Nikapiga na ile HATARI nusu.

Nyumbani mamangu alikuwa anachambua mboga. Nikamwambia ukuta umefunikwa. Akauliza wamechora nini juu yake. Nikampa simu. Aliisogeza mbali, kama wanavyofanya watu wa umri wake, akaangalia kwa muda.

"Hii naijua," akasema.

Akarudi kwenye mboga. Kisha akauliza, "Na wewe ulikuwa umenichora vipi?"

"Ukichuma."

"Nikiwa namna gani?"

"Ukicheka."

"Nilikuwa nacheka nini?"

Nikachukua fungu la mboga nikaanza kuchambua naye.

Nilienda Sosiot kesho yake. Nitawaambia ukweli kwa sababu hiki si kitabu cha sifa: njia nzima nilikuwa nimeamua kusema mashine ni yangu. Ukuta ulikuwa wangu, sivyo? Nimeutayarisha mimi, nimeupaka rangi ya chini mimi, chini ya ile mashine kuna jasho langu. Nilikuwa nimeshajitungia hata jinsi nilivyopata wazo. Bwana Langat alipita picha ya HATARI bila kusimama. Akapita A, akarudi nyuma, akauliza, "Hii imekuwaje?" akacheka mpaka tumbo likatikisika. Akafika kwenye mashine. Akaweka chini kipimo cha maziwa.

"Hii imechorwa na wewe?"

"Ukuta ni wangu."

"Sijauliza ukuta."

Nikasikia ile sauti ya mamangu, hii naijua. Hakuwa akizungumza juu ya kazi yangu. Alikuwa akizungumza juu ya kazi ya mtu mwingine, na alikuwa hajawahi kusema hivyo juu ya kitu nilichochora mimi.

"Ni ya msichana mmoja wa Kimulot," nikasema. "Anaitwa Chela."

"Anajua kuchora ng'ombe?"

"Akiwa amemwona, anajua."

"Mlete." Akanirudishia simu. Halafu, labda kwa huruma, na huruma hiyo ndiyo iliniuma zaidi, akaongeza, "Na wewe uje umsaidie. Ukuta ni mrefu."

Nikauliza kuhusu maandishi. Jina la chama, saa za kupokea maziwa. Nilikuwa nimeshayahesabu kichwani, nilijua herufi ya katikati ni ipi. Akasema maandishi yameshaagizwa kutoka mjini, ya plastiki, yatakuja yamekatwa tayari.

Chela alitaka kukataa. Alikuja kwangu nyumbani na kopo lake akasema hajui kufanya kazi kwenye ukuta ambao watu wameruhusu. Aliogopa. Alisema mistari yake huinama na hajui kwa nini, pale kiwandani hakuna anayejali lakini barabarani kila mtu ataona. Nilimwambia asiogope, nitamwonyesha. Nilimwonyesha S pia, ingawa hakuihitaji. Alisikiliza kwa adabu kama mnavyomsikiliza mtu wa kanisa.

Tumekuwa Sosiot wiki hii. Ng'ombe wamekuja vizuri. Wanatazama barabara kama ng'ombe wanavyotazama, bila kukujali. Wafugaji wakileta maziwa asubuhi wanabishana ni ng'ombe wa nani, na mzee mmoja ameapa wa katikati ni wake aliyekufa. Chela yuko juu ya ngazi, ana rangi mpaka kwenye nyusi. Mimi niko chini, mbali kidogo.

"Anko, inua!" ananiambia. "Shusha! Hapo hapo, usitikisike!"

Jana aliniambia niinue na nikaona kwamba nikiinua nyumba yote italala upande. Nikashusha upande wangu bila kumwuliza. Akavuta uzi, akauachia, pap, akashuka, akarudi nyuma mpaka barabarani kutazama. Akapanda ngazi akaendelea.

Nimeuliza habari za Mzee Odhiambo ili nimpigie simu nimweleze. Nimeambiwa alifariki mwaka juzi, nyumbani kwao, na kwamba alikuwa bado na kofia ile.

Mkiingia kiwandani, msipite kwenye mbao za chini ya vitanda, zimeoza. Makopo yaokoteni. Ile A mnaweza kuifunika mkitaka, sitakasirika, ingawa najua hamtaifunika. Mengine yote yako kama mnavyoyaona. Zamani nilikuwa nachora na mtu mwingine ananishikia uzi. Siku hizi Chela anachora, na uzi nashika mimi.